Mizani Zinapochechemea: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zinahusu jambo moja: mtunzi anahesabu mizani, yaani silabi za mshororo, anapata namba yake, halafu msomaji mwingine anahesabu na kupata nyingine. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, nimetunga ubeti huu kuhusu lori lililokwama. Kwa hesabu yangu mshororo wa kwanza una mizani 16, wa pili 17, wa tatu 14 na wa nne 16. Mwenzangu anasema wa tatu ndio uliokaa sawa, na wa kwanza ndio mbovu. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mbalizi)

*Lori limebeba viazi, lipo pale njiapanda,*
*Utingo hana ujuzi, gurudumu linajipinda,*
*Dereva ana machozi, mlima umemshinda,*
*Vijana shikeni kazi, sukumeni litapanda.*

Mwenzako yuko sahihi. Chukua daftari la hesabu, lile lenye visanduku, uweke silabi moja katika kila kisanduku. Mshororo wa shairi la kawaida unajaza visanduku 16. Piga mstari mzito baada ya cha nane. Ukiandika hivyo, macho yataona kosa kabla ya sikio.

Mshororo wa kwanza: *lo-ri-li-me-be-ba-vi-a-zi*. Hizo ni 9. Umetamka "vyazi" kwa haraka, kama wengi tunavyotamka sokoni, ukapata 8. Irabu mbili zinazofuatana katika Kiswahili ni silabi mbili: *vi-a-zi*, *ka-a*, *m-ze-e*, *mbo-le-a*. Kipande cha pili kina 8, kwa hiyo mshororo wote una 17.

Mshororo wa pili ni 17 kama ulivyosema: *gu-ru-du-mu-li-na-ji-pi-nda* ni 9.

Wa tatu uliudhulumu. Umehesabu *mli-ma* 2 na *u-mem-shi-nda* 4. M ya *mlima* inasimama peke yake: *m-li-ma*, mizani 3. Na ile -m- ya mtendwa ndani ya kitenzi haimezwi hapa: *u-me-m-shi-nda*, mizani 5. Tatu na tano ni nane. Usiuguse mshororo huo.

Sasa tiba. Kwa mshororo wa pili, dawa rahisi ni kubadili njeo: *linajipinda* iwe *lajipinda*. Kiambishi -a- kinaokoa silabi moja kila unapokiweka badala ya -na-, na maana haiyumbi sana. Kwa mshororo wa kwanza unaweza kufanya vivyo hivyo, *Lori labeba viazi*, zikapatikana 8. Lakini lori lililokwishapakiwa "halibebi", limebeba, na msomaji makini atalihisi hilo. Ni afadhali kupanga upya kuliko kubana:

*Limesheheni viazi, lori limo njiapanda,*
*Utingo hana ujuzi, gurudumu lajipinda,*
*Dereva ana machozi, mlima umemshinda,*
*Vijana shikeni kazi, sukumeni litapanda.*

Ziko njia nyingine ambazo watunzi wameruhusiana tangu zamani. Inkisari ni kufupisha, kama *mekuja* kwa *amekuja*. Mazda ni kurefusha, kama *enenda* kwa *enda*. Tabdila ni kubadili sauti bila kugusa idadi, kama *duniya* kwa *dunia* pale kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana, kinapotaka -ya. Moja katika ubeti haina ubaya. Tatu katika ubeti mmoja zinaonyesha kwamba mtunzi hakukaa vya kutosha na mshororo wake.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ila linawaponza wengi: mizani 16 hazitoshi kama hazikukatika katikati. Angalia mshororo huu: *Tumefika Tukuyu jana, twataka ndizi mbivu*. Jumla ni 16, lakini ni 9 kwa 7. Kisanduku cha nane kimeangukia *ja* ya *jana*, na mstari mzito umelipasua neno. Huwezi kupumzika katikati ya neno, wala huwezi kuweka kina cha kati hapo. Geuza: *Tukuyu tulipofika, tukataka ndizi mbivu*. Nane kwa nane, na kila kipande kimeishia mwisho wa neno.

Neno "mbuni" lina mizani ngapi? Tumebishana kilabuni hadi tukaambiwa tutoke. (Watunzi wawili, Mbozi)

Mna haki nyote wawili, kwa sababu ni maneno mawili. Mbuni wa kahawa, huo uliojaa mashambani kwenu, wingi wake ni mibuni. M yake ni kiambishi, inahesabiwa: *m-bu-ni*, 3. Mbuni ndege, yule mrefu asiyeruka, wingi wake ni mbuni vilevile. M imegandana na b: *mbu-ni*, 2.

Kipimo hicho cha wingi kitawasaidia kila mnapokutana na m mbele ya b au v. *Mbegu*, *mbuzi*, *mbao* hazibadiliki mwanzoni, basi m haihesabiwi peke yake. Mbele ya konsonanti nyinginezo m husimama yenyewe: *m-pu-nga*, *m-che-le*, *m-go-mba*. Ikifuatwa na w huungana nayo: *mwa-li-mu* ni 3.

Kuna kikundi kidogo cha maneno mafupi kinachovunja mazoea: *mbwa, mbu, nge, nzi, nchi, nta, nne*. Neno la Kiswahili linataka silabi mbili ili mkazo upate pa kukaa, hivyo m au n hapo hupewa silabi yake: *m-bwa*, *n-chi*, *n-ge*. Kila moja ni mizani 2. Anayehesabu *nchi* mara moja atapungukiwa kila anapoimba uzalendo.

Mwalimu wetu wa Kiingereza anatufundisha kupima mshororo kwa mkazo, si kwa silabi tu. Je, mashairi ya Kiswahili nayo yana mpango wa mkazo, au ni kuhesabu tu? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa)

Swali zuri, na jibu lake si "hapana" kama vitabu vingi vinavyoharakisha kusema.

Kiingereza kina mkazo unaohamahama na kubeba maana. Neno *record* likikaziwa mwanzoni ni nomino, likikaziwa mwishoni ni kitenzi. Kwa hiyo washairi wao hupanga silabi kwa miguu: mguu wa iambiki ni silabi hafifu ikifuatwa na nzito, na mshororo maarufu wa Shakespeare una miguu mitano ya namna hiyo, yaani silabi 10 zenye uzito kwenye ya 2, 4, 6, 8 na 10. Kiarabu kina mpango mwingine. Al-Khalil ibn Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, aliainisha bahari za mashairi ya Kiarabu, yaani mipango ya mishororo yake, kwa silabi fupi na ndefu. Kiswahili kilichukua kwa Waarabu istilahi na majina ya beti, tathlitha, tarbia, takhmisa, lakini hakikuchukua kipimo cha ufupi na urefu. Chenyewe kinahesabu silabi. Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954, hesabu hiyo ndiyo aliyoishikilia.

Hata hivyo mkazo upo. Katika Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: *sóma, soméni, someshéni*. Maneno yanayoasi ni machache, kama *lázima*, na *barábara* yenye maana ya sawasawa, tofauti na *barabára* ya kupitia magari. Sasa unganisha mambo mawili. Kila kipande kinaishia mwisho wa neno, na kila neno lina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi kisanduku cha 7 na cha 15 kina mkazo katika karibu kila mshororo wa Kiswahili. Mtunzi hakupanga, lugha ndiyo imempangia. Visanduku sita vya mwanzo vya kila kipande ndivyo vilivyo huru, na mkazo wake unategemea urefu wa maneno uliyochagua.

Jaribu na ubeti wa lori hapo juu:

*Limesheheni viazi* ni neno la 5 na la 3. Mkazo uko kwenye silabi ya 4 na ya 7.
*Utingo hana ujuzi* ni 3, 2, 3. Mkazo wa 2, 4, 7.
*Vijana shikeni kazi* ni 3, 3, 2. Mkazo wa 2, 5, 7.
*Gurudumu lajipinda* ni 4 na 4. Mkazo wa 3 na 7 tu, ndiyo maana kinasikika kizito na cha polepole, kama gurudumu lenyewe.

Ukitunga kipande cha maneno manne ya silabi mbilimbili, *baba, mama, kaka, dada*, mkazo unagonga 1, 3, 5, 7. Huo ni mwendo wa gwaride. Unafaa kibwagizo, lakini ukijaza nao beti sita msomaji atasinzia kabla ya ya tatu. Ukiona shairi lako lina mizani kamili na bado linachosha, hesabu urefu wa maneno yake. Mara nyingi utakuta kila kipande kimejengwa kwa mpangilio uleule, 3-2-3, 3-2-3, 3-2-3.

Je, unaweza kutunga iambiki kwa Kiswahili? Kwa shida sana. Mguu wake unataka mshororo uishie kwenye mkazo, na neno la Kiswahili linaishia kwenye silabi hafifu. Kinyume chake, nzito kisha hafifu, kinakuja chenyewe.

Ninaongoza kwaya. Tunatafsiri nyimbo na silabi zinatosha noti zote, lakini tukiimba maneno yanasikika yamepinda: "ba-BA", "mwo-ko-ZI". Tatizo ni nini? (Mwalimu wa kwaya, Makambako)

Mwalimu, tatizo ni lilelile la jibu lililotangulia, ila kwako linaumiza zaidi kwa sababu tuni haisogei.

Vitabu vingi vya nyimbo huandika kipimo cha tuni kwa namba: 8.6.8.6, 8.7.8.7 na kadhalika. Namba hizo zinakupa idadi ya silabi na hazikuambii pigo kubwa linaangukia wapi. Tuni nyingi za 8.6.8.6 zilitungwa kwa maneno ya Kiingereza ya mwendo wa iambiki. Zinaanza na noti ndogo kabla ya pigo, na kila mshororo unaishia juu ya pigo kubwa, silabi ya 8 au ya 6. Ukiweka hapo neno la Kiswahili, silabi yake ya mwisho, isiyo na mkazo, ndiyo inayobebeshwa noti nzito na ndefu. Ndipo *bába* anakuwa *babá*.

Fanya hivi. Kwanza, imba tuni kwa "la" bila maneno, piga kofi kila pigo kubwa, na uandike namba za silabi zinazokutana na kofi. Kwa 8.6 ya kawaida utapata 2, 4, 6, 8 na 2, 4, 6.

Pili, anza mshororo na neno la silabi tatu. *Twendeni, vijana, baridi*: mkazo wake uko kwenye ya 2, sawasawa na kofi la kwanza. Ukianza na neno la silabi mbili, kama *Bwana*, umeshapinda tangu mlangoni.

Tatu, na hili ndilo muhimu, igawe noti ya mwisho. Mara nyingi ni ndefu, ina mapigo mawili au matatu. Itenge iwe noti mbili za sauti ileile: ya kwanza ipokee silabi yenye mkazo, ya pili ipokee silabi ya mwisho. Kwa hiyo 8.6 inakuwa 9.7 kwa maneno yako. Mfano:

*Vijana wa Iringa leo,*
*twendeni tukavune.*

Mshororo wa kwanza una silabi 9, mkazo wa 2, 6 na 8. Wa pili una 7, mkazo wa 2 na 6. Kofi la 4 limeangukia *wa* katika mshororo wa kwanza. Si zuri sana, lakini neno dogo kama hilo halina mkazo wake wa kuharibiwa, na sikio linasamehe. Lisilosamehewa ni neno kubwa lililokaziwa mwishoni.

Tuni za 8.7.8.7 zinazoanza moja kwa moja na pigo kubwa ni rafiki zaidi. Mishororo ya 8 inaishia kwenye pigo dogo, kama Kiswahili kinavyotaka. Gawa noti ya mwisho ya mishororo ya 7 tu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua tuni, chagua hizo.

Kama wanakwaya wako wanaimba pia kwa Kihehe, jihadhari na jambo moja zaidi. Kihehe kina toni, kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno, hivyo tuni inayoshuka mahali neno linapopanda italisumbua sikio la mzee hata kama silabi zote zimetimia. Mwombe mzungumzaji mmoja ayatamke maneno hayo bila tuni kwanza, umsikilize.

Nataka kuandika utenzi wa Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe kwa ajili ya mahafali. Nianzie wapi, na miaka nitaiingizaje? (Mwalimu wa msingi, Iringa Vijijini)

Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani 8 kila mmoja. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti. Wa nne una kina chake kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi nzima. Kina hicho cha kudumu kichague kabla hujaandika neno. Chukua kinachozalika: -ni kinapata mahali pote (*vichakani, Kalengani, vitani*), -wa kinapata vitenzi vyote vya kutendwa. Ukichagua -zo au -pe kwa sababu ubeti wa kwanza ulikuja vizuri, ubeti wa thelathini utakukwamisha.

Mfano wa ubeti kuhusu vita vya Lugalo vya Agosti 17, 1891:

*Wahehe walijificha,*
*Lugalo palipokucha,*
*mikuki hawakuacha,*
*wakangoja vichakani.*

Mishororo mitatu ina neno la 3 na la 5, wa nne una 4 na 4. Mwendo unabadilika pale kina kinapobadilika, na msikilizaji anasikia ubeti umefungwa.

Majina ya nyumbani hayana tabu: *M-kwa-wa* 3, *Ka-le-nga* 3, *Lu-ga-lo* 3. Kamanda wa Wajerumani aliyeuawa pale, Emil von Zelewski, atakutesa. Tumia jina lake la utani, Nyundo, mizani 2 tu.

Mwaka una utata mmoja: *elfu*. Wapo wanaohesabu *el-fu* 2 na wapo wanaohesabu *e-l-fu* 3. Vivyo hivyo *labda* na *daktari*. Chagua hesabu moja na uishike kazi nzima. Kuhesabu 2 ubeti wa tano na 3 ubeti wa tisa ndilo kosa. Ukishika 2, mwaka wa Lugalo unajaza mishororo miwili kamili: *Elfu moja mia nane, / tisini pia na moja*. Mwaka wa kifo chake, 1898, unafuata njia hiyohiyo: *tisini pia na nane*. Lakini usiweke miaka zaidi ya miwili katika utenzi mzima. Wazazi mahafali hawakuja kusikiliza tarehe.

Shairi langu lilirudishwa kwamba vina vimevunjika, nami naona vyote vinafanana: kula, kura, hela, bora. (Msomaji, Kyela)

Vina viwili hapo: -la na -ra. Lugha nyingi za huku kwetu hazitenganishi r na l kama Kiswahili sanifu, hivyo ulimi unazipokea sawa na mkono unaandika kwa mazoea. Orodhesha vina vyako wimawima pembeni mwa karatasi, kisha kagua kila neno kwenye kamusi. Kagua na jozi nyingine zinazoteleza: dh na z, gh na g, th na s. Angalia pia -nda na -da. *Panda* na *shida* hazina kina kimoja.

Na kwa kuwa silabi ya kina haina mkazo, kina cha silabi moja husikika hafifu. Ukiweza kuoanisha silabi mbili za mwisho, *kula, chakula*, mkazo unaingia ndani ya kina na sikio linalipokea kwa nguvu. Si lazima, lakini jaribu angalau kwenye kibwagizo.

Je, shairi huru halina mizani kabisa? (Mwanafunzi wa chuo, Mbeya)

Halina hesabu ya kudumu. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, ubishi ulikuwa juu ya hilo hasa: je, bila vina na mizani bado ni shairi? Kwa utendaji, mtunzi wa shairi huru amepoteza visanduku 8 na 16 vya kumwambia pa kupumzika, kwa hiyo kila mwisho wa mstari ni uamuzi wake. Soma rasimu yako kwa sauti na usimame kila mwisho wa mstari. Mahali ambapo kusimama hakuna sababu, unganisha mstari huo na unaofuata.